Usiku wa Kuigiza

Jumatatu ya tarehe 17 Februari 2025 ilikuwa Sikukuu ya Familia hapa Ontario, nami nilikuwa zamuni katika nyumba ya wazee. Siku ya sikukuu malipo hupanda, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali huigombania, na familia zetu husherehekea bila sisi. Theluji ilikuwa imeanguka wikendi nzima. Upepo uliizoa kutoka kwenye mapaa na kuimwaga barabarani kama mtu anayepepeta mchele kwa hasira. Saa nane na ushei mchana nilikuwa ghorofa ya pili nikimlisha mzee mmoja matofaa yaliyopondwa, kijiko kimoja kimoja, ndipo ving'ora vilipoanza kulia upande wa Barabara ya Derry. Kimoja, viwili, vitano, kisha nikaacha kuhesabu.

Mkazi wa Malton hashtuki kwa mlio wa ndege. Mtaa wetu, kaskazini-mashariki mwa Mississauga, umeegemea uwanja wa ndege wa Pearson, na uwanja wenyewe ulipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 uliitwa Malton. Ndege hushuka karibu na mapaa kiasi kwamba watu tumezoea kukata neno katikati, ipite, kisha tumalizie. Kinachotushtua ni kimya. Siku ile ndege ziliacha kupita. Mzee wangu, ambaye hakumbuki majina ya wanawe, alikisukuma kijiko kando, akatazama dirishani akasema, "Kuna jambo."

Jambo tuliliona kwenye runinga ya ukumbini. Ndege ya Delta iliyotoka Minneapolis ilikuwa imelala chali juu ya theluji, magurudumu yakitazama mbingu, bawa moja halipo, na abiria wakitoka ndani kwa kutambaa. Walikuwamo watu 80. Waliopelekwa hospitali ni 21, na hakufa hata mmoja.

Pembeni yangu alisimama kijana mmoja wa Kikenya, kibarua wa wakala wa ajira, hiyo ikiwa siku yake ya tatu kwetu. Akaninong'oneza, "Anti, wakileta majeruhi hapa tutawaweka wapi?"

Nikamwambia hapa ni nyumba ya wazee, hawaletwi hapa. Lakini hata kabla sijamaliza nilijua nimejibu kivivu. Hospitali ikitangaza rangi ya chungwa, ambayo kwa Ontario maana yake ni janga la nje linaloleta majeruhi wengi, jambo la kwanza inalofanya ni kutafuta vitanda. Wagonjwa walio afadhali huondolewa ili mahututi walale. Na mzee aliye afadhali, asiye na mtu wa kumtunza nyumbani, ataondolewa apelekwe wapi kama si kwenye nyumba kama yetu? Swali la kijana lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Nikamuuliza kama amepata mafunzo ya dharura. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha cheti cha kozi ya mtandaoni. "Nimepita. Mia kwa mia."

Nikamuuliza valvu ya kufungia oksijeni ya ghorofa hii iko wapi. Akacheka kwa aibu. Kadi ya rangi za dharura ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, nyuma ya kitambulisho: nyekundu moto, kijani kuhamisha watu, kijivu kukatika kwa umeme au maji, manjano mkazi aliyepotea. Rangi alikuwa nazo zote.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiria mzee mmoja wa kupiga deki.

*

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili jijini Nairobi, binti wa Mombasa niliyekuwa nikilalamikia baridi ya Agosti, sijui bado baridi ni kitu gani. Ijumaa ya tarehe 7, karibu na saa nne na nusu asubuhi, tulisikia kishindo kilichotikisa vioo vya wodi. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umelipuliwa. Nairobi walikufa watu 213 na kujeruhiwa maelfu. Dar es Salaam, siku hiyohiyo, walikufa 11.

Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mlipuko mdogo, na watu waliokuwa maofisini jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Ndipo lori lilipolipuka. Ndiyo maana siku ile nilisafisha macho kuliko nilivyosafisha kitu kingine chochote. Vioo vilikuwa vidogo kama chembe za chumvi ya mawe.

Magari ya wagonjwa hayakutosha hata robo. Majeruhi waliletwa na matatu, pikapu, teksi, na watu ambao walikuwa wakienda zao benki. Na waliofika mwanzo si waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Walikuja wanaoweza kutembea, wenye mikato ya uso na mikono, wakilia kwa hofu zaidi ya maumivu. Wakajaza vitanda, wakajaza mabenchi. Waliotolewa chini ya kifusi walipofika, nafasi haikuwapo. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa majanga wanaijua tabia hii duniani kote: wimbi la kwanza ni la walioumia kidogo, la pili ndilo la mahututi, na asiyelijua hilo humaliza nguvu zake zote kwa la kwanza. Mimi niliijua kwa kumwona sista wetu mkuu akisimama mlangoni na kuanza kuwatoa watu vitandani mmoja mmoja, huku wakimtukana.

Pamba na bandeji ziliisha kabla ya saa sita. Stoo ilikuwa na shehena, ila ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka kwenda mjini. Hospitali yenyewe siitaji. Tabia hiyo haikuwa yake peke yake. Aliyetuokoa ni mzee wa kupiga deki. Alitupeleka nyuma ya jengo akatuonyesha dirisha la stoo lisilo na komeo. Alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiliripoti kila mara na kupuuzwa. Akapanda juu ya ndoo yake mwenyewe, akaingia, akaanza kuturushia maboksi.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika. Kila aliyeingia nilimzungushia plasta kwenye kifundo cha mkono na kuandika jina, saa na jeraha. Wino wa kalamu ya biro haushiki kwenye plasta iliyolowa. Unapangusa, unapuliza, unaandika herufi mbili, wino unakatika, unapangusa tena, na mbele yako kuna watu ishirini. Wengine hawakuweza kusema majina yao. Niliandika "Mwanamume, shati la samawati". Niliandika "Mama, pete mbili". Tangu siku hiyo sijawahi kuingia zamuni bila kalamu ya wino mzito mfukoni, ile ya kuandikia maboksi, na wenzangu wa Malton hunitania kwamba nataka kuwaandika wazee bei.

Baada ya miezi kadhaa ililetwa semina ya maandalizi ya majanga. Waliitwa madaktari na masista wakuu. Sisi wanafunzi tukakaa nyuma. Mkufunzi alikuwa hodari, alitufundisha kadi za rangi za kuchambulia majeruhi na jinsi ya kuyapanga magari getini. Mzee wa deki alikuwepo pia. Alikuja asubuhi kupanga viti, akarudi jioni kuvitoa.

*

Nilifika Malton mwaka 2002. Vyeti vyangu vya uuguzi vilihitaji tathmini, gharama na mitihani ya kulipia, na kodi ya nyumba haingojei tathmini. Nikawa mhudumu wa wazee kupitia wakala. Saa kumi na moja alfajiri kituo cha basi cha Westwood kilikuwa kimejaa wanawake wa Punjabi, Jamaika, Ghana, Ufilipino, na mimi na leso yangu chini ya koti. Nilifanya kazi sehemu tatu kwa wiki moja, na hakuna hata moja iliyoniita mtu wake.

Machi 2003 ikalipuka SARS. Ilikuwa imekuja kwa ndege kutoka Hong Kong, ikaingia hospitalini, na hospitali ndizo zilizoisambaza. Hadi inaisha ilikuwa imeua watu 44 hapa Kanada, wauguzi wawili na daktari mmoja miongoni mwao. Sehemu moja walinipa barakoa za N95 kutoka kwenye boksi na kuniambia nichague inayonikaa. Nilichagua iliyonipendeza.

Nilipimwa barakoa mara ya kwanza kiangazi, hatari ilipokwisha kupita. Wanakuvisha mfuniko mkubwa unaofunika kichwa chote, wenye kidirisha cha plastiki mbele na tundu dogo. Kupitia tundu hilo wananyunyiza maji machungu. Unaambiwa vuta pumzi, geuza shingo kulia, kushoto, inama, inuka, soma maandishi haya kwa sauti. Ukisikia uchungu ulimini, barakoa inavuja. Mimi nilitaka nipimwe na ile niliyoizoea. Uchungu ulinifika kabla sijageuza shingo, uchungu wa mwarobaini hasa, na mpimaji akaweka alama kwenye karatasi bila kunitazama. Majira yote ya kuchipua nilikuwa nimevaa pambo.

Jaji Archie Campbell aliyeongoza tume ya kuichunguza SARS aliandika kurasa nyingi, na mojawapo ya mambo yaliyonikera nilipoyasoma ni kwamba sheria ilikuwapo. Tangu 1993 kanuni za Ontario zilimtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi wa afya kutumia kifaa cha kujikinga kabla hajakivaa mara ya kwanza. Miaka 10 ilikuwa imepita, na wengi waliopaswa kuitekeleza hawakuwa na habari nayo.

Agosti ya mwaka huohuo, tarehe 14, umeme ulikatika kuanzia Ontario hadi New York, watu wapatao milioni 50 wakakaa gizani. Nitalisema hili kwa majivuno kidogo: usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Mtu wa Mombasa na kukatika umeme ni ndugu. Nilijua ndoo zijazwe maji kabla bomba halijalegea, friji ya insulini isifunguliwefunguliwe, mishumaa isikaribie chumba chenye oksijeni, na mzee anayeogopa giza apewe mkono wa kushika, si maelezo. Msimamizi wa usiku, mama wa Kijamaika mwenye sauti ya kuamrisha, aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, nyumbani. Wahamiaji wangapi wako kwenye nyumba hizi, na ni nani amewahi kuwauliza wamekuja na ujuzi gani?

Ya 2005 nitayapitia haraka. Tarehe 2 Agosti, katika mvua ya radi, ndege ya Air France iliserereka nje ya njia yake hapo Pearson, ikatumbukia bondeni na kuteketea. Watu wote 309 walitoka hai. Kilichonishika mimi ni kwamba baadhi ya abiria walipanda mteremko wakatokea kwenye barabara kuu ya 401, wakiwa wamelowa chapachapa, na madereva waliokuwa wakipita wakawachukua. Niliposikia hivyo niliona matatu za Nairobi.

*

Kuna mama mmoja aliyekuwa mkazi wetu, muuguzi mstaafu, marehemu sasa. Usahaulifu ulikuwa umemla kiasi kwamba aliniita kwa majina manne tofauti kwa siku. Lakini kila kengele ya moto ilipolia alisimama, akaenda kitandani kwake, akaanza kukunja pembe za shuka na kuzifunga mafundo, mbili za kichwani, mbili za miguuni. Niliyaona mafundo hayo mara tatu kabla sijaelewa. Alikuwa akitengeneza machela.

Siku moja akili ilipomtembelea alinisimulia 1979. Usiku wa tarehe 10 Novemba garimoshi lililobeba kemikali, klorini ikiwamo, liliacha reli katikati ya Mississauga na kulipuka. Zaidi ya watu 200,000 wakahamishwa, hospitali na nyumba za wazee pamoja nao, na hakufa mtu. Mji wote hadi leo hukumbuka kwamba meya Hazel McCallion aliteguka kifundo cha mguu akaendelea kuchechemea kutoka mkutano hadi mkutano. Mama yule yeye alikumbuka viatu. Alisema waliobeba wagonjwa wao walikuwamo wapishi, madereva na wafua nguo, na mmoja alikuja na ndara za nyumbani, Novemba hiyo.

Mji huu basi una kumbukumbu. Malton yenyewe ililipuliwa na bomba la gesi mwaka 1969. Tatizo ni kwamba kumbukumbu haihudhurii mikutano.

Januari 2014 moto uliteketeza nyumba ya wazee katika kijiji cha L'Isle-Verte, Quebec. Ilikuwa baada ya usiku wa manane, wahudumu wachache, baridi ya kugandisha maji ya zimamoto. Walikufa wazee 32. Ontario ilikuwa imekwisha kubadili kanuni zake za moto: nyumba kama zetu zilitakiwa, mara moja kwa mwaka, zifanye zoezi la kuhamisha watu kwa idadi ya wafanyakazi ya chini kabisa, yaani ile ya usiku. Kanuni nzuri, imetungwa na mtu anayejua moto. Nikafurahi.

Siku ya zoezi letu meneja alisimama kwenye korido akapiga makofi. "Sasa ni saa nane usiku!" Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa limejaa madirishani na wazee wengine walikuwa wakicheza bingo. Tulichaguliwa wanne tuwe zamu ya usiku, wote wa mchana, wote wa kudumu. Kufikia wakati huo nami nilikuwa nimepata ajira ya kudumu. Tulikuwa tumeambiwa tangu Ijumaa chumba gani "kingeungua". Bwana wa kupima akabonyeza saa yake. Tukawatoa "wazee" sita, ambao walikuwa wafanyakazi wa ofisini waliojilaza vitandani wakijizuia kucheka, wepesi wa mwili, hakuna mwenye nyonga iliyovunjika, hakuna aliyetuuma mkono kwa hofu. Tukapasi. Tukala keki.

Usiku wa siku hiyohiyo nilimshikia zamu mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Saa nane ilipofika, saa nane ya kweli, korido ilikuwa na taa nusu na tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa wa wakala, mara yake ya kwanza katika jengo lile. Kwa utani nikamuuliza, moto ukitokea chumba cha mwisho utawatolea wapi? Akaniambia angeanza kwa kutafuta namba ya siri ya mlango wa ngazi. Kumbe mlango ule una kufuli la sumaku, na kengele ya moto ikilia kufuli hujiachia lenyewe, unasukuma tu. Angekuwa anatafuta namba kwenye droo za meza ya wauguzi huku mlango uko wazi.

Hapo ndipo lilipoanza kunielea jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitaja. Mafunzo hutolewa kwa walio kwenye orodha: wa kudumu, wa mchana, wenye vyeo, wanaolipwa kukaa kikaoni. Janga humkuta aliyepo.

*

Mwaka 2020 sitausimulia wote. Waliokuwa ndani ya nyumba za wazee wanajua, na wasiokuwapo hawatajua kwa aya mbili.

Baada ya SARS serikali ya Ontario ilikuwa imeweka akiba kubwa ya vifaa vya kujikinga. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa mkoa alitoa taarifa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya akiba hiyo imepitwa na muda. Corona ilipofika tukawa tunahesabiwa barakoa kama peremende. Malton ni mtaa wa watu wa maghala, viwanda, malori na uwanja wa ndege, kazi ambazo mtu hazifanyii jikoni kwake kwa kompyuta, na ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumizwa zaidi katika wilaya yetu ya Peel. Mwezi Aprili serikali ikaamuru mhudumu wa nyumba ya wazee afanye kazi sehemu moja tu, ili asihamishe ugonjwa. Ilikuwa sahihi. Lakini watu wa wakala hawakubanwa na amri hiyo, na wenzetu walipougua au kukimbia, nafasi zao zilijazwa na hao hao: watu wapya kila siku, wasiojua nani hula nini, nani hupaliwa, nani hupiga. Hatimaye wakaja wanajeshi katika nyumba tano za mkoa huu, na ripoti waliyoiandika mwezi Mei iliwaliza watu wazima. Hadi tume ya uchunguzi inatoa taarifa yake Aprili 2021, wakazi karibu 4,000 wa nyumba za wazee za Ontario walikuwa wamekufa, na wafanyakazi 11.

Nataka kusimulia dakika chache tu za mwaka ule wa 2020. Tulikuwa na mwanamke wa usafi, mkimbizi kutoka Beni, Kivu Kaskazini, mpole, hasemi Kiingereza cha kutosha kuagiza chai. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Pwani, tukichekana. Siku moja alinikuta natoka chumba cha mgonjwa, nimechoka, navua glavu huku natembea. Akaniwekea ufagio mbele ya miguu.

"Mama, simama kwanza," akasema. "Watu hawafii ndani. Wanafia hapa, wakati wa kuvua."

Nikasimama. Akanielekeza moja baada ya moja, yeye yuko mita mbili, mikono nyuma: osha glavu kwanza, vua gauni kwa kulikunja ndani kwa nje, usilikung'ute, sasa glavu, osha, sasa miwani kwa nyuma, funga macho unapoivua, osha, barakoa mwisho, shika kamba tu, osha. Kila nilipofanya haraka alisema, "Pole pole." Alikuwa amefanya kazi hiyo katika kituo cha Ebola kwao, mlipuko ulioanza 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kumsimamia anayevua. Huko daktari havui peke yake. Awe profesa, lazima kuwe na mtu wa kumtazama na kumwamuru, na mara nyingi mtu huyo ni wa usafi. Afrika Mashariki imelipia somo hili. Kule Gulu, Uganda, mwaka 2000, Hospitali ya Lacor ilipoteza zaidi ya wafanyakazi 10 kwa Ebola, na Desemba akafa Dk. Matthew Lukwiya mwenyewe, aliyekuwa ameongoza mapambano, ugonjwa alioupata akimhudumia muuguzi wake.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia tuna mwalimu ndani ya jengo. Akaniuliza ana cheti gani. Nikasema ametoka Beni. Akaniambia mafunzo ya kujikinga yako kwenye mtandao, kila mtu ameyafanya, na kweli walikuwa wameyafanya, mia kwa mia. Basi tukayafanya yetu wenyewe. Wiki tatu mfululizo, kila mwanzo wa zamu ya usiku, mwanamke yule alisimama kwenye korido na ufagio wake, mimi nikitafsiri, na wahudumu, wapishi na hata daktari mmoja kijana wakavua mbele yake. Siwezi kudai kwamba ndiyo sababu ghorofa yetu ilipona kuliko nyingine. Niseme tu kwamba kabla ya hapo tulikuwa tukigusa nyuso zetu, na baada ya hapo tuliacha.

*

Jioni ya ile Sikukuu ya Familia, zamu ilipokwisha, nilimshika kijana wa wakala mkono nikamzungusha. Hii ndiyo valvu ya oksijeni. Ukiambiwa funga, unageuza hivi, lakini kwanza mwambie muuguzi kwa sauti, maana kuna anayepumulia hiyo. Huu ndio mlango wa ngazi. Kengele ikilia, sukuma. Hili ni shuka la kuburutia, limekaa chini ya godoro, lina mikanda. Jaribu, mimi nitalala. Akaniburuta mita kumi, akahema. Huyu ukimwamsha ghafla atakupiga, mwite kwanza kwa jina kutokea mlangoni. Tochi iko hapa, na betri ziko ndani, nimezitazama mwenyewe. Tulitumia dakika 14. Hakulipwa dakika hizo, wala mimi.

Wiki iliyofuata nilipeleka ombi: zoezi lijalo lifanyike usiku wa kweli, na kila mtu wa wakala, wa usafi na wa jikoni apewe dakika hizo 14, kwa malipo, kabla hajaanza zamu yake ya kwanza. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alinieleza hoja zake. Wazee wakiamshwa saa nane usiku wengine wataanguka, na mzee akianguka familia inapiga simu. Bajeti ya mafunzo imepangwa kwa vichwa vya wafanyakazi wa kudumu. Wa wakala ni jukumu la wakala. Na wakala, nilipowapigia, walisema jengo ni jukumu la nyumba. Hoja ya wazee kuanguka naikubali, na nimependekeza wazee walale, tuburute magodoro matupu. Ya bajeti siikubali. Siku ya moto hakuna atakayekuja kututenganisha kwa mikataba.

Sijajibiwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe, dada au kaka, unayeisoma hii kwenye simu ukiwa zamuni usiku huu, Malton au Minneapolis au Leicester au Muscat, wazee wamelala na korido imetulia. Usingoje kuandikiwa kwenye orodha. Inuka sasa hivi, nenda mwisho wa korido, usukume ule mlango wa ngazi uone kama unafunguka, na ukirudi mwonyeshe mwenzako.